Mama Bernadeta Alionja Kwanza

Noti iliyonikataa ilikuwa ya juu kabisa katika Gloria ya Pasaka, ile tuliyoanza kuifanyia mazoezi mwanzoni mwa Kwaresima. Nilifungua mdomo, pumzi ikatoka, sauti haikutoka. Hakuna aliyejua, kwa sababu soprano tulikuwa kumi na wanne na wenzangu kumi na watatu waliifikia bila mimi. Nikachezesha midomo mpaka ukurasa ukaisha. Mstari uliofuata ulishuka kidogo, nikaupata, nikajiambia ni vumbi.

Goma ina vumbi la kutosha kulaumiwa. Linatoka kwenye mawe meusi ya volkano yanayosagwa na magurudumu, linaingia kwenye sahani, kwenye mashuka, kwenye koo. Nililaumu vumbi karibu mwezi mzima. Baadaye nikalaumu mafua. Baadaye nikamlaumu mtu.

Naandika haya kwa wanaoishi kwa sauti zao: waimbaji wa korali, wa harusi na wa matanga, walimu, wahubiri, wanaouza kwa kupaza sauti kule Birere. Kama sauti yako imeanza kukatika, yapo mambo machache hapa yatakayokufaa, nami nitayasema kila moja likifika zamu yake. Lakini siwezi kusimulia ugonjwa nikaliacha nililolifanya nikiwa mgonjwa. Nimejaribu kuliacha mara mbili, na mara zote mbili nilichana karatasi.

Naimba tangu nina miaka sita. Nilianza katika korali ya watoto, nikapanda mpaka korali kubwa ya parokia yetu hapa Kyeshero, na sasa nina miaka ishirini na saba. Naandika riwaya pia. Jumamosi niliimba kwenye harusi, kumbi zenye spika kubwa kama makabati. Jumapili asubuhi niliimba misa. Na Jumapili mchana, jambo ambalo nyumbani hawakulijua, niliimba katika chumba cha maombi cha walokole kule Birere, saa nne mfululizo. Umeme ulipokatika maikrofoni zilikufa, nasi tuliendelea kwa makoo matupu mpaka urudi. Walinilipa, nami nikapenda kulipwa. Mama yangu ni Mkatoliki wa Butembo, mtu wa rozari, muuza maharagwe anayefunga duka adhuhuri asali. Angenisamehe mimba mapema kuliko kunisamehe chumba kile.

Katika korali yetu alikuwapo mwanamke aliyezidi miaka sabini, mwimbaji wa alto, mjane kutoka milima ya Masisi. Hakuzaa. Kwa hiyo, wakati wanawake wengine waliitwa kwa majina ya watoto wao, yeye aliitwa kwa lake mwenyewe: Mama Bernadeta. Alikuwa ameimba katika korali tangu usichana wake, kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa, na sauti yake ilikuwa bado nzima, ya chini, yenye joto la blanketi lililoanikwa juani. Aliitunza kama fundi anavyotunza msumeno. Alikwenda kanisani kwa miguu, polepole, akiguna wimbo puani njia nzima. Alibeba termosi ya maji ya moto yenye tangawizi na mchaichai. Alikataa kusimama karibu na spika.

"Mimi sipigani na mashini," alikuwa akisema. "Mashini haina mapafu."

Tulimcheka. Siku moja kijana wa tenor alimuuliza atastaafu lini. Akamjibu, "Mimi nisipoimba wiki mbili, magoti yangu yanasahau njia ya kanisa. Weye unataka nikufie nyumbani?" Tukacheka tena, yeye pamoja nasi. Sikujua kwamba alikuwa anatueleza habari za mwili wake kama mgonjwa anavyomweleza daktari.

Yeye ndiye wa kwanza aliyenisikia. Baada ya mazoezi, wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi, alinishika kifundo cha mkono mlangoni.

"Weye hauimbi," akasema. "Unafungua tu kinywa."

"Ni mafua, Mama."

"Mafua ya mwezi muzima? Mutoto, kaa kimya wiki mbili. Korali haitakufa juu yako."

Akamimina chai kwenye kifuniko cha termosi. Kwetu, anayempa mwenzake kinywaji huonja kwanza, mbele ya macho yake. Hakuna anayefikiri anapofanya hivyo. Ni kama kufuta kiti kabla ya kumkaribisha mgeni. Mama Bernadeta alionja. Chai ilikuwa ya moto mno, ikamchoma mdomo, akaruka akasema, "Yesu wangu!" kisha akacheka, akapuliza, akanipa. Nilikunywa yote. Ilinifaa. Jumapili iliyofuata nikaenda Birere nikaimba saa nne.

Jumanne baada ya Pasaka niliamka nikamwita mdogo wangu anipe taulo, na kilichotoka ni hewa. Nikajaribu tena. Nilisikia mkwaruzo kama wa mlango wa bati unaoburutwa kwenye mawe. Nilikaa kitandani nikijaribu irabu moja moja, a, e, i, kama mtoto wa shule. Nilikuwa na hisia ya kitu kilichokwama kooni, kama ganda la hindi lisilopanda wala kushuka. Nikaanza kuogopa kumeza. Wiki mbili zilipopita mkanda wa sketi ulikuwa umehitaji tundu jipya.

Ndipo tantine akaja. Tantine Jeanne ni mdogo wa mama, mwenye duka la vitenge, mtu anayejua ugonjwa wako kabla hujavua viatu. Alinitazama shingo, akanitazama macho, akamgeukia mama.

"Dada, huyu mutoto wamemupa karuho."

Karuho ni sumu ya polepole. Watu wa Kivu huiogopa kuliko malaria. Wanasema huwekwa kwenye kinywaji au chakula, mtu akakauka kidogo kidogo, akakohoa, akapoteza sauti, akapoteza uzito, na hospitali isione kitu. Ni kwa sababu ya karuho kwamba tunaonja kwanza. Mama aliposikia neno lile alikaa kwenye kiti bila kukitazama.

"Ulikula kwa nani?" akauliza tantine. "Fikiri vizuri. Ulikunywa kwa nani?"

Nilikuwa na jibu la kweli. Ningeweza kuchukua karatasi nikaandika: nimeimba saa tisa kila mwisho wa wiki kwa miezi minane, nimepigana na mashini, nimeambiwa nipumzike na sikupumzika. Lakini jibu hilo lilipitia Birere, kwenye chumba cha maombi, na mama alikuwa ameketi pale na rozari mkononi. Nikanong'ona kwamba Mama Bernadeta alinipa chai.

Tantine akasogea karibu.

"Yule wa Masisi, asiye na mutoto?" tantine akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Alionja?"

Wote wawili walinitazama. Nakumbuka nje palikuwa na mtu anapita akiuza mikate, na mama alinyoosha mkono kumwashiria mdogo wangu afunge dirisha ili wasikie vizuri. Nilikuwa na muda. Ningeweza kusema ndiyo, na habari ingeishia pale, tungetafuta ugonjwa mwingine.

"Hapana," nikasema.

Na kwa kuwa nimezoea kutunga visa, nikajua bila kufundishwa kwamba kisa hiki kinahitaji kitu kingine kidogo ili kisimame. Nikaongeza kwamba alinishika mkono. Alinishika mkono kweli. Nikakiweka tu mahali pengine kwenye hadithi, baada ya chai badala ya kabla yake, na mara moja kikawa mkono wa mtu anayehakikisha umemaliza.

Mama akaanza kulia. Tantine akavaa kitenge chake tayari kwa safari.

Tiba ya kwanza, basi, ilikuwa ya mganga wa karuho, mwanamke mwenye ua safi na beseni nyingi, upande wa juu wa mji. Asubuhi tatu nilikunywa dawa ya kijani chungu na kutapika mbele yake. Kila mara alichokoa beseni kwa kijiti, akainua kitu cheusi, akasema, "Munaona?" Mama alisema anaona. Mimi pia nilitikisa kichwa. Kila tapiko lilipanda likiwa na moto na kupita palepale palipoumia. Siku ya tatu hata mnong'ono ulikuwa umekwisha. Kama unasoma haya na mtu anataka kukutapisha ili sauti irudi, nakuomba, kwanza tafuta daktari wa koo. Ndilo la kwanza ninaloweza kukupa.

Mganga hakutaja jina. Hakuhitaji. Jina lilikuwa limekwisha kutoka kwangu, kutoka kwangu likaenda kwa mama, kutoka kwa mama kwa wateja wa maharagwe, na tantine alilipeleka barabara nzima kwa miguu. Jumapili ya tano ya Pasaka korali ilikula pamoja, kila mtu akileta sufuria. Sikuwapo, mdogo wangu ndiye aliyenisimulia. Sufuria ya Mama Bernadeta ya viazi na sombe, majani ya muhogo, ilibaki imejaa, mfuniko haukuguswa. Aliibeba kurudi nayo, kama alivyoileta, ikiwa bado ya moto. Wiki iliyofuata wanawake wa alto walihama benchi. Baadaye Papa Deo, mwalimu wa korali, mtu mwema anayechukia ugomvi, alimwomba "apumzike kidogo mpaka maneno yatulie".

Akapumzika. Hakujitetea hata kwa neno moja. Wengine walisema hiyo ndiyo dalili.

Mvua zilipokuwa zinaisha ndipo kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi Bukavu, alipiga simu na kumfokea mama, na mama akakubali tuende hospitali. Siku hizi uwanja wa ndege umefungwa, kwa hiyo daktari wa masikio, pua na koo alikuwa akija kwa boti kutoka Bukavu, kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, kama ziwa limetulia. Alhamisi ya kwanza ziwa halikutulia. Tulisubiri mpaka saa tisa tukarudi nyumbani. Alhamisi ya pili tulikuta watu arobaini kwenye mabenchi.

Nataka niwaambie kuhusu benchi lile, kwa sababu ndipo nilipocheka mara ya kwanza tangu Pasaka. Muuguzi alikuwa akiita namba kwa Kifaransa, na aliyeitwa alipaswa kuitikia kwa sauti, la sivyo anarukwa. Nusu yetu tulikuwa wagonjwa wa koo, hatuna cha kuitikia nacho. Nusu nyingine walikuwa wa masikio, hawasikii wanapoitwa. Pembeni yangu aliketi mzee mmoja, muuza viazi wa barabara ya Bunagana, kiziwi kabisa. Alinionyesha kipande chake cha karatasi chenye namba. Nikamwonyesha changu. Tukaelewana. Muuguzi alipoita namba yake nikampiga kofi gotini, akasimama akanguruma kwamba yupo, "Présent!" Alipoita yangu nikampiga tena, naye akanguruma tena, "Présent!" na kunisukuma mbele. Muuguzi akauliza, "Muzee, weye ni batu bangapi?" Chumba kizima kikacheka, na waliocheka bila sauti tulishika matumbo.

Daktari alinipitishia puani waya mwembamba wenye kamera. Machozi yalitoka yenyewe. Kwenye kioo nilijiona ndani: mikunjo miwili myeupe, na kila mmoja una kinundu kidogo, vimetazamana kama watu wawili wanaozibiana njia.

"Unafanya kazi gani?" akauliza.

Mama akajibu kwa ajili yangu. "Anaimbaka kanisani. Dokta, sumu inawezaka kuleta vile?"

"Mama, hii haiko sumu. Hii ni sugu. Ukilima na jembe kila siku, mukono unatoka nini?"

"Sugu."

"Ndiyo hii. Sumu haiwezi kuleta sugu. Kazi ndiyo inaleta." Akanigeukia. "Weye unaimba saa ngapi kwa wiki?"

Nikainua vidole viwili. Hata pale, hata kwa vidole, nilidanganya.

Aliandika: wiki tatu bila neno. Wala mnong'ono, maana mnong'ono hukaza koo kuliko maneno. Maji mengi, mvuke asubuhi na jioni, mto uinuliwe kichwani, pilipili iachwe. Baada ya hapo mazoezi, miezi kadhaa. Ukitaka kuimba mpaka uzee, akasema, lazima ujifunze upya kama mtu anayejifunza kutembea. Nikamfikiria mara moja mwanamke mmoja tu niliyemjua aliyeimba mpaka uzee.

Tulipotoka langoni mama alisimama. Alikuwa ameshika karatasi ya daktari kama anayeshika barua isiyo yake.

"Kazi gani?" akaniuliza. "Misa moja na harusi moja kwa wiki ndiyo inatoa sugu?"

Nikaonyesha koo langu. Nimekatazwa kusema.

Hapo ndipo aibu yangu ilipopata nyumba. Daktari alinipa ukimya uniponye, nami nikahamia ndani yake na kufunga mlango. Nilikuwa na daftari na kalamu. Siku ishirini na moja niliandika kwenye daftari lile: naomba maji, chumvi imezidi, nani amechukua chaja, funga pazia. Niliendelea na riwaya yangu, sura mbili nzima, na kuna kurasa ndani yake zinazozungumzia ukweli kwa maneno mazuri sana. Sentensi ya maneno matatu, "Mama Bernadeta alionja", sikuiandika. Kila asubuhi nilijiambia nitaiandika jioni.

Katika wiki ya pili nilikuwa nimeketi mbele ya nyumba, kichwa chini ya kitambaa juu ya bakuli la mvuke. Nilipoinua kichwa nilimwona Mama Bernadeta akipita barabarani na bidoni, dumu dogo la maji. Alikuwa amepungua. Alitembea bila kuguna wimbo, akitazama mawe. Jirani yetu alimwita mwanawe ndani kwa sauti ya juu. Mama Bernadeta alisimama karibu na lango letu, akanitazama, akainua mkono kidogo kunisalimu. Hakuna lililonizuia kuinua wangu. Nikaonyesha koo, nikatikisa kichwa: siwezi kusema. Kisha nikajifunika kitambaa.

Mvuke ni dawa nzuri. Unalainisha. Mfanye hivyo.

Ukimya ulipoisha yakaanza mazoezi. Unajaza chupa ya maji nusu, unatia mrija, unapuliza huku ukitoa sauti, uuu, mapovu yapande. Dakika tano, mara sita kwa siku. Mara ya kwanza nilitoa mlio wa ndama. Mama alicheka mpaka akafuta macho, halafu akaendelea kufuta macho alipokwisha kucheka. Sisi wawili hatukuwa sawa tangu siku ya langoni. Aliniwekea maji ya moto, alininunulia asali, na hakuniuliza tena lolote. Chumba cha maombi kule Birere kilipata mwimbaji mwingine. Kiangazi kikaingia, milima ikafifia kwa moshi na vumbi, na sauti yangu ikarudi kwa vipande, chini kwanza. Juu haikurudi. Noti ya Gloria haikurudi mpaka leo. Miezi ya kwanza unaililia. Baadaye unagundua kuna vyumba vya chini kwenye nyumba ile ambavyo hukuwahi kuvifungua.

Mwezi wa tatu wa mazoezi daktari alinipa ruhusa ya wimbo mmoja. Mmoja tu, bila maikrofoni. Binamu yangu alikuwa anaoa. Nikasimama katikati ya ukumbi, wakazima spika, nikaimba. Ilikuwa sauti nyingine, nzito kidogo, yenye ukungu pembeni, lakini ilishika. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama akapiga magoti palepale mbele ya keki, akainua mikono, akalia, "Mungu amemushinda adui! Mungu amemushinda adui!" Na watu, waliojua adui alikuwa nani, wakaitikia amina.

Mimi nilipokea. Nilisimama katikati ya vigelegele vile nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Papa Deo alinikuta kwenye meza ya soda. Alinipongeza, akanywa, akatazama glasi yake.

"Yule muzee wetu wa alto anaumwa," akasema. "Hatoki tena. Niliendaka kumuona wiki jana. Miguu imevimba, hataki kula. Nikamwambia, Mama, imba hata kidogo, akasema, nitamuimbia nani?"

Aliondoka. Soda ilikuwa baridi na koo langu lilikuwa zima.

Kesho yake nilikwenda. Nyumba yake ni ya mbao, juu ya mawe, chumba kimoja na uzio wa maua ya njano. Alikuwa amekaa mlangoni, miguu kwenye kigoda. Hakunikaribisha kukaa.

"Umekuja kuonyesha sauti," akasema, "ao umekuja kuona kama niko nakufa?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Nayapanga maneno vizuri, ndiyo kazi yangu. Yakaanguka yote.

"Mama, ulionja. Waliniuliza, nikasema hapana."

Kuku alipita kati yetu.

"Najua nilionja," akasema mwishowe. "Nilichomeka mudomo. Juu ya nini ulisema hapana?"

Nikamwambia yote: Birere, chumba cha maombi, saa nne, mama na rozari yake. Alisikiliza akikunja uso, na nilipofika kwenye umeme kukatika akatikisa kichwa kama fundi anayesikia jinsi chombo kizuri kilivyovunjwa.

"Kwa hiyo uliogopa fimbo ya mama yako," akasema, "ukanipa mimi niibebe."

"Nisamehe, Mama."

"Kukusamehe haiko kazi nguvu. Nitakusamehe hata leo. Lakini mimi sikusikia ukisema hapana, sikuwako. Uliwaambia wao. Mimi nikikusamehe hapa na kuku wangu, kesho nani atakula viazi yangu?"

Nikabaki nimesimama mbele yake.

"Enda," akasema. "Unazibia jua."

Niliwaambia mama na tantine jioni ileile, kabla moyo haujageuka. Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilipomaliza, mikono yake ilikuwa imesimama. Nilingoja anipige, ningefurahi.

"Nililitaja jina lake soko nzima," akasema. Hakusema nami, alisema na maharagwe. "Kila muteja. Kila muteja nilimwambia."

Tantine Jeanne yeye hakutikisika. "Amekuondolea sumu," akasema.

"Tantine, hakuna alichoweka. Nimesema uongo. Alionja mbele yangu."

"Sasa unasema alionja. Ulipokuwa mugonjwa ulisema hakuonja. Ameona inakuwa kubwa, akakuondolea, na akakuwekea huruma yake kwa kichwa. Bale banajuaka kuweka banajuaka na kuondoa."

Nilipaza sauti, jambo ambalo daktari amelikataza. Haikusaidia. Nilikuwa nimetunga kisa kizuri mno, kilikuwa kimeota mizizi kwake, na ukweli wangu ulikuwa na sura ya kisa kingine tu.

Jumamosi nilisimama mbele ya korali. Nilisema kwa sauti ya kawaida, bila kupamba, kwamba nilipoteza sauti kwa kuimba kupita kiasi mahali ambapo sikutaka mjue, kwamba Mama Bernadeta alionja chai kabla ya kunipa, kwamba niliulizwa nikajibu uongo. Kijana wa tenor alicheka kidogo kwa haya. Mwanamke mmoja wa alto aliinamia viatu vyake. Mwingine akauliza, "Sasa tumuamini mwimbaji gani, wa Pasaka ao wa leo?" Papa Deo alisubiri, akaona hakuna anayesema zaidi, akatuambia tufungue ukurasa wa Sanctus. Baadaye nilipita nyumba kwa nyumba katika barabara yetu. Wengine walinishukuru. Wengine walinifungia mlango taratibu, kwa adabu. Mama alikwenda sokoni akafanya kazi kama hiyo kwa wateja wake, peke yake, na hakuniambia aliambiwa nini. Kila Jumamosi, tangu hapo, hubeba maharagwe mpaka nyumba ya mbao na kukaa hapo saa nzima.

Majilio yalipoanza, Mama Bernadeta alitokea mlangoni mwa kanisa wakati wa mazoezi. Alikuwa amekuja na fimbo, miguu imefungwa vitambaa. Alitembea mpaka benchi la alto akaketi mahali pake pa zamani. Wanawake wa alto walimsalimu. Kisha, bila kutazamana, wakasogea, wale wa kulia kulia, wale wa kushoto kushoto, mpaka pande zake zote mbili pakawa na nafasi ya mtu mzima.

Nilikuwa bado nakaa na soprano, kwa mazoea, nikichezesha midomo kwenye noti nisizozifikia. Nikachukua karatasi zangu nikavuka. Viatu vyangu vilipiga kelele kwenye sakafu kuliko nilivyotaka. Nikakaa kulia kwake.

Hakunitazama. Papa Deo akainua mkono, tukaanza. Sijui mistari ya alto. Nilimfuata nusu ya pumzi nyuma yake, nikisikia bega lake likipanda na kushuka. Sauti yake ilikuwa imechakaa kwa miezi ile, ilitetemeka mwanzoni kama mtu anayepanda ngazi gizani, kisha ikapata mahali pa kukanyaga.

Katikati ya ukurasa wa pili aliniegemea.

"Unaimba kwa kidevu," akasema. "Rudisha kidevu. Na usikimbie, hakuna anayekufukuza."

Nikarudisha kidevu. Hilo ndilo la mwisho ninaloweza kukupa, wewe uliyesoma mpaka hapa kwa ajili ya koo lako: inasaidia sana.

Sasa ni Kwaresima nyingine na tunafanya mazoezi ya Pasaka. Anakuja kila wiki, fimbo ameiacha nyumbani. Kulia kwake nakaa mimi. Kushoto kwake hakuna aliyekaa bado.